Sehemu Tatu katika Tano

Mwaka 1948 tume iliyoongozwa na Sir Maurice Holmes, ambayo ilikuwa imepewa kazi ya kuzitazama serikali za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar na kupendekeza namna watumishi wake watakavyolipwa, ilitoa taarifa yake. Na katika taarifa hiyo ilikuwamo kaida moja ambayo makarani, waalimu na waganga wa serikali walikuja kuihifadhi moyoni hata wale ambao hawakuiona karatasi yenyewe, nayo ni kwamba mtu asiyekuwa Mzungu, akishika cheo kile kile kinachoshikwa na Mzungu, alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara ambao Mzungu angalilipwa.

Msomaji na aishike kalamu tuifanye hesabu hiyo pamoja, kwa kuwa jambo hili halifahamiki vyema bila hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba cheo fulani kina mshahara wa paundi 50 kwa mwezi kwa Mzungu. Basi Mwafrika au Mhindi mwenye cheo hicho, aliyefaulu mtihani ule ule, anayefika kazini saa ile ile na kutia sahihi katika majalada yale yale, atapokea paundi 30. Upungufu ni paundi 20 kwa mwezi, nazo kwa mwaka ni 240, na kwa miaka kumi ni paundi 2,400, mali ambayo katika zama zile ingaliweza kumjengea mtu nyumba ya mawe na kuwasomesha watoto wake wote. Wala hasara haikomi hapo, kwani kiinua mgongo na pensheni hukadiriwa kwa kuutazama mshahara wa kazi, hata mtu akawa anaendelea kupunjwa katika uzee wake, baada ya mkono wake kuacha kuandika na jina lake kufutwa katika daftari ya watumishi.

Walioiandika kaida hiyo hawakuiona kuwa ni dhulma. Yumkini waliiona kuwa ni hatua ya mbele, maana hapo kabla kila taifa lilikuwa na ngazi yake ya mishahara, ya Wazungu mbali, ya Waasia mbali, ya Waafrika mbali, na cheo cha Mwafrika aghalabu kilipewa jina jingine ili isiwepo haja ya kukilinganisha na cha mwenzake. Sasa angalau ilikubaliwa kwamba kazi ni moja, ikabaki kuulizwa tu kiasi gani cha kazi hiyo kihesabiwe kuwa ni cha mwenye kuifanya. Na hili ndilo ninalotaka kulionyesha katika makala haya: ubaguzi wa mishahara katika nchi zetu haukutegemea sana matusi wala viboko, ijapokuwa vyote viwili vilikuwapo, ulitegemea hesabu, na hoja zilizovaa mavazi ya busara, ambazo mtu mwema angeweza kuzisoma jioni barazani kwake akaziona ni za haki. Sheria zilizozaliwa na hoja hizo zimekwisha kufutwa. Hoja zenyewe zingali hai.

Chanzo cha mambo kilikuwa ni ardhi na kodi. Walowezi waliopewa mashamba makubwa katika nyanda za juu za Kenya walihitaji mikono ya kuyalima, na mwenye shamba lake mwenyewe hana sababu ya kwenda kulima la mwingine kwa ujira mdogo. Kwa hiyo ikawekwa kodi ya kichwa na ya kibanda, ambayo haikulipwa kwa mahindi wala kwa mbuzi bali kwa fedha, na kwa wengi fedha haikupatikana ila kwa Mzungu. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1915 ya kuwaandikisha wenyeji, ambayo kwa sababu ya Vita Vikuu haikutekelezwa mpaka mwaka 1919 na 1920, ikamlazimu kila mwanamume wa Kiafrika aliyetimiza miaka 16 kuchukua karatasi iliyotiwa katika kijisanduku cha bati, akaitundika shingoni kwa kamba. Hicho ndicho kipande, ambacho wazee wengi wa Kenya walikitaja mpaka kufa kwao kwa uchungu usiopoa, kwa sababu ya udhalili wa kutembea na kitu shingoni kama mnyama aliyetiwa alama.

Udhalili huo siukatai, wala hapana haja ya kuupunguza. Lakini kwa upande wa mshahara, madhara makubwa yalitoka katika mstari mmoja wa karatasi ile ambao watu huusahau. Juu yake paliandikwa jina, kabila, alama za vidole, jina la kila bwana aliyemwajiri mwenye nayo, siku aliyoingia na siku aliyotoka. Tena paliandikwa ujira aliolipwa. Basi mtu akienda kuomba kazi kwa bwana wa pili, hakuwa na nafasi ya kusema thamani yake, maana thamani yake ilikwisha kusemwa na bwana wa kwanza, nayo ilikuwa ikining'inia kifuani mwake. Bwana wa pili aliisoma, akatoa shilingi ile ile au akaongeza thumuni, akaona amefanya hisani. Na kama mtu huyo angeondoka kazini bila karatasi yake kutiwa sahihi, kosa lake halikuwa deni la kudaiwa katika mahakama ya madai, bali ni jinai ya kufungiwa. Hivyo ujira duni ukawa unarithiwa, kazi hata kazi, bila ya mtu yeyote kuamka asubuhi akakusudia upya kumdhulumu mwenziwe.

Mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka duniani na fedha ya nchi ikabadilishwa kutoka rupia kwenda shilingi, walowezi waliazimia kupunguza ujira wa Waafrika kwa thuluthi nzima, katika wakati ambao kodi ilikuwa imepandishwa kufika shilingi 16. Aliyesimama kupinga ni kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika Hazina ya Nairobi, Harry Thuku, ambaye katika mikutano yake aliyataja mambo matatu pamoja, yaani kipande, kodi na ujira, akijua kwamba ni mnyororo mmoja. Alikamatwa mwezi wa Machi mwaka 1922. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na tarehe 16 ya mwezi huo askari wakawapiga risasi, wakafa zaidi ya watu 20, na miongoni mwa waliotangulia mbele alikuwa mwanamke, Mary Nyanjiru. Thuku alipelekwa Kismayu akakaa uhamishoni karibu miaka tisa. Kodi ilishushwa kuwa shilingi 12. Kipande kikabaki.

Hoja iliyobeba ujira wa Mwafrika kwa zaidi ya miaka 30 ilikuwa ni hoja ya mseja. Ilisemwa kwamba Mwafrika aliyeko mjini si mtu wa mjini. Amekuja kwa miezi michache kutafuta kodi, mke na watoto wako shambani kwao wakila walichokilima wenyewe, na kwa hiyo mwajiri hadaiwi zaidi ya kumlisha mtu mmoja na kumpa mahali pa kulaza ubavu. Nyumba zenyewe zilijengwa kwa hoja hiyo: katika landhi, yaani vyumba vya wafanyakazi, za shirika la reli pale Muthurwa, Nairobi, chumba kilikusudiwa wanaume waliokaa kwa zamu na kwa msongamano, ilhali karani wa Kihindi alipewa nyumba ndogo ya familia, na Mzungu akapewa nyumba ya bustani palipo na upepo. Ajabu ya hoja hii ni kwamba ilijitimiza yenyewe. Mtu aliyelipwa ujira wa mseja hawezi kukaa mjini na mkewe, na kwa kuwa hana mkewe mjini ilisemwa kwamba ni kweli ni mseja, na kwa kuwa ni mseja ilisemwa kwamba ujira wamtosha. Na yule mke aliyekuwa shambani akilima peke yake, akizaa na kuuguza na kuzika peke yake, ndiye hasa aliyekuwa akiilipia bandari na reli na mashamba ya chai ile sehemu ya ujira ambayo waajiri hawakuilipa; lakini jina lake halimo katika daftari yoyote.

Kati ya Mzungu na Mwafrika palikuwa na Wahindi, baadhi yao watoto na wajukuu wa watu wapatao 32,000 walioletwa kuijenga reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901, na wengine waliokuja kwa biashara zao. Hao ndio waliokuwa makarani, mafundi na wakuu wa stesheni, wakilipwa zaidi ya Mwafrika na pungufu ya Mzungu, kwa kadiri ambayo ilimfanya kila mmoja amwogope aliye chini yake kuliko anavyomlaumu aliye juu. Aliyeliona jambo hili kwa uwazi kuliko wengine alikuwa Makhan Singh, Kalasinga wa Nairobi, aliyeanzisha chama cha wafanyakazi mwaka 1935 akakifungulia mlango kila mwenye kazi bila kuuliza taifa lake, kwa hoja nyepesi kwamba fundi wa Kihindi hawezi kuulinda mshahara wake maadamu yuko mtu wa kufanya kazi ile ile kwa nusu yake. Serikali ilimwona mtu wa hatari. Ilimtia kizuizini mwaka 1950, na hakutoka mpaka mwaka 1961.

Pwani nako, ambako damu za watu zimechanganyika kwa karne nyingi na ambako mtu aliweza kuwa na babu Mhadhrami, bibi Mmijikenda na lugha ya Kiswahili, serikali ilitaka kila mmoja aseme ni nani kwa neno moja, kwani kwa neno hilo ndiyo ilijulikana kodi yake, hospitali atakayolazwa, na hata jela atakayofungwa. Wakubwa wa Thenashara Taifa wa Mombasa walidai kwa barua na kwa vikao, mwaka baada ya mwaka, wasihesabiwe katika fungu la wenyeji. Na Zanzibar, wakati wa Vita vya Pili, mchele wa mgao uligawiwa kwa kutazama taifa la mtu, hata jamaa wakawa na sababu ya tumbo ya kulibadili jina la asili yao. Wako watu wa leo wanaowacheka wazee hao kwa kuukimbia Uafrika wao. Mimi naona lawama imwendee aliyeuweka mchele upande mmoja wa mstari.

Tuwatazame sasa wale waliofanya yote waliyoambiwa wayafanye. Iliposemwa kwamba Mwafrika hulipwa kidogo kwa kuwa hana elimu, vijana walikwenda kuitafuta elimu, na wachache mno wakafika Makerere, wakasoma uganga miaka kadhaa, wakafuzu. Walipotoka huko hawakuitwa madaktari wa serikali kama wenzao waliotoka Uingereza; waliitwa waganga wasaidizi, na mshahara wao ukawa wa msaidizi, ijapokuwa katika hospitali nyingi za wilaya usiku wa manane hapakuwa na mwingine wa kumsaidia, na mama aliyeshindwa kujifungua alipasuliwa na mkono wa msaidizi huyo, akapona. Haikuwa mpaka mwaka 1957 ndipo baraza la madaktari la Uingereza lilipoikubali stashahada ya uganga ya Makerere kuwa sawa na za kwao. Basi elimu ilipopatikana, sababu nyingine ilipatikana. Tume ya Holmes iliieleza sababu hiyo kwa upole: kwamba hata vyeti vikilingana, kazi ya mtu asiye Mzungu, kwa jumla, hailingani na ya Mzungu kwa wingi wala kwa kubeba dhamana.

Neno la kuliangalia hapo ni lile la "kwa jumla". Mwajiri ana haki, tena ana wajibu, wa kumtazama mtumishi wake mmoja mmoja na kumpandisha aliye hodari na kumwacha nyuma aliye mvivu. Hilo halina ubishi. Lakini aliyepunguziwa mbili katika tano kwa kaida hii hakupimwa yeye. Alipunguziwa kabla hajaingia ofisini, kwa makosa ya watu asiowajua, na lau angalifanya kazi ya watu watatu asingaliweza kuzirudisha zile sehemu mbili, kwa kuwa hazikukatwa kwa sababu ya kazi. Tena vipi mtu ataonyesha uwezo wa kubeba dhamana katika cheo kisichopewa dhamana? Mwenye duka anayepima nguo kwa pima mbili, ndefu ya kununulia na fupi ya kuuzia, angalau hujua moyoni kwamba anaiba. Hawa walikata ile pima fupi, kisha wakawalaumu watu kwa ufupi wa nguo zao.

Jibu la wafanyakazi lilikuwa limekwisha kutolewa kabla tume haijatoa taarifa yake, nalo lilitolewa Mombasa. Tarehe 13 Januari mwaka 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa pamoja: makuli wa bandarini, watu wa reli, wafanyakazi wa hoteli, na hata maboi na wapishi wa majumbani, hata kisiwa kizima kikanyamaza na meli zikakaa na shehena zao. Mgomo ulidumu siku 12. Mombasa ilikuwa na mazoea ya migomo, ya mwaka 1934 na ya mwaka 1939 na ya wakati wa vita, lakini ile ilikuwa ya fungu moja la watu kwa shilingi fulani. Huu ulikuwa wa mji. Watu walikutana kila siku uwanjani kwa maelfu, na humo likazaliwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, ambalo kiongozi wake alikuja kuwa Chege Kibachia, kijana msomi aliyetoka bara.

Madai ambayo Kibachia na wenzake waliyaandika yanastahili kukumbukwa kwa mpango wake. Walilalamikia kwanza kwamba Mwafrika halipwi sawa na watu wa mataifa mengine wanaofanya kazi ile ile. Wakalalamikia upendeleo na kutoheshimiwa kila mahali walipoajiriwa. Wakalalamikia kwamba wake na watoto wao hawahesabiwi katika mshahara. Na kwamba maisha yamepanda bei wala hapana aliyejali. Utaona kwamba njaa, ambayo ndiyo iliyowatoa watu kazini, haikutangulizwa. Mtu mwenye njaa aweza kutulizwa kwa nyongeza, na serikali ilijua hivyo, ikamweka Hakimu Thacker kuliamua shauri, naye akatoa nyongeza na malipo ya kazi ya ziada na likizo yenye ujira, mambo mema ambayo familia nyingi za Mombasa zilifaidika nayo. Dai la usawa lenyewe halikujibiwa. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Kibachia alikamatwa akapelekwa Baringo, akakaa huko karibu miaka kumi. Na mwaka uliofuata ikaja taarifa ya sehemu tatu katika tano.

Moto ulivuka mipaka. Mwezi wa Septemba mwaka 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda na njia ya reli kuelekea bara. Mwaka 1948 ukawa wa Zanzibar, ambako mji wote wa Unguja ulisimama. Tanganyika ilikuwa na mizizi ya zamani zaidi katika jambo hili, kwa kuwa tangu mwaka 1922 Martin Kayamba alikwisha kukusanya makarani wenzake wa Tanga wakaunda chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, watu wapole, wenye barua za adabu na mwandiko mzuri. Na ni katika vyama vya namna hiyo ndimo watu walimojifunza kuketi pamoja wakiwa wa makabila mbalimbali, kwa kuwa mshahara wao ulikuwa mmoja.

Miaka michache baada ya migomo hiyo ndipo halmashauri ya mji wa Nairobi ilipomwajiri Tom Mboya kuwa mkaguzi wa afya, mwaka 1951. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku moja alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia, akaingia mama wa Kizungu, akatazama huku na huku, akauliza kama hamna mtu humo. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kwa sababu ya jibu alilolitoa Mboya, la kumwuliza mama huyo kama macho yake yana hitilafu. Kinachonishughulisha mimi ni swali la mama. Sidhani kwamba alikusudia kutukana. Alitafuta mkaguzi, na kwa mazoea ya maisha yake mkaguzi alikuwa na rangi moja, basi aliyekuwa mbele yake hakuonekana. Na ni watu wa macho ya namna hiyo, wenye tabia njema na wasio na chuki, waliokaa katika kamati za kuajiri na za kukadiria mishahara.

Mwaka 1954 ulileta taarifa mbili kubwa kwa pamoja. Kamati ya Carpenter, iliyoutazama ujira wa Waafrika katika Kenya, ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni walipata ujira usiotosha mahitaji ya lazima, hata yakikadiriwa ya mtu mmoja; ikashauri kuiacha hoja ya mseja, na kima cha chini kipandishwe kidogo kidogo mpaka kiwe cha mtu mwenye mke na watoto. Na tume ya Sir David Lidbury, iliyozitazama serikali zote za Afrika Mashariki kama Holmes alivyofanya, ilishauri ngazi za rangi zivunjwe, iwepo ngazi moja na kila cheo kiwe na mshahara wake. Serikali zilikubali. Kwa hivyo kaida ya tatu katika tano ilikufa ikiwa na umri wa miaka sita, kwa kalamu na si kwa risasi, na furaha ya makarani siku hiyo ni ya kufikirika.

Lakini ngazi ilipokuwa moja, pembeni yake pakawekwa nyongeza ya kuwavutia watumishi watokao ng'ambo. Nisionekane mkaidi: nchi ikihitaji mhandisi na mhandisi yuko Uingereza, ni lazima apewe cha kumtoa kwao, na biashara yoyote hufanya hivyo. Ila nyongeza hiyo ilitolewa katika nchi ambayo kwa miaka 50 iliwanyima watoto wake shule za uhandisi, kisha ikasema wahandisi ni adimu. Na mpaka leo, katika mashirika ya misaada na makampuni yenye makao yake ng'ambo, viko viwango viwili vya mishahara, cha wageni na cha wenyeji, ambavyo huelezwa kwa hoja hiyo hiyo ya uhaba hata pale ambapo mwenyeji aliyesoma chuo kile kile ameketi meza ya pili akimfundisha mgeni kazi.

Uhuru ulipokuja, mtihani uligeuka. Mwezi wa Oktoba mwaka 1961, miezi miwili kabla ya bendera kupandishwa, Bunge la Tanganyika lilijadili uraia, na wako wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Waziri Mkuu Nyerere aliwaambia kwa ghadhabu kwamba wakitaka kuitazama rangi, yeye na serikali yake watajiuzulu. Na tarehe 7 Januari mwaka 1964 alitangaza kwamba katika kuajiri na kupandisha vyeo serikalini raia wote watakuwa sawa, mweusi kwa Mhindi kwa Mzungu, na mpango wa kuwatanguliza Waafrika umekwisha. Wiki mbili hazijatimia, tarehe 20, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, wakidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Sisemi kwamba tangazo ndilo lililoleta maasi, maana malalamiko ya askari yalikuwa ya siku nyingi. Nasema kwamba mtu aliyepunjwa kwa rangi kwa miaka 40 hawezi kwa tangazo moja kuacha kuhesabu kwa rangi, na alihitaji ujasiri mkubwa kiongozi wa kulitoa tangazo lile katika mwezi ule. Kwingineko ujasiri huo ulikosekana. Sheria ya Kenya ya mwaka 1967 iliyowataka wasio raia kuwa na vibali vya kazi iliwaangukia hasa Waasia wenye pasipoti za Kiingereza, wakatoka kwa maelfu. Na mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Karani wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu au Jinja akalipishwa deni ambalo hakuliandika yeye.

Sasa ziko sheria. Tanzania ilikataza ubaguzi kazini kwa sheria ya mwaka 2004, na Kenya kwa sheria ya ajira ya mwaka 2007, nayo yataja malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Wanaokutana na ngazi za rangi waziwazi siku hizi ni wale wanaovuka bahari. Mwanamke wa Mombasa au wa Kampala anayekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani hukuta kwamba wakala ameandika bei ya mtumishi kwa kutaja taifa lake, na kwamba mwenziwe wa Ufilipino, ambaye serikali yake mwaka 2006 iliweka kima cha chini cha dola 400 kwa mwezi, aghalabu humzidi kwa kazi ile ile ya kufua, kupika na kulea. Aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa wa mambo ya ubaguzi, Tendayi Achiume, Mzambia, aliyezuru Qatar mwaka 2019, alieleza kwamba taifa la mtu ndilo linaloamua kiasi gani cha haki atakachopata. Mwezi wa Machi mwaka 2021 Qatar ilianza kutumia kima cha chini cha riali 1,000 kwa kila mfanyakazi bila kutazama atokako, watumishi wa nyumbani wakiwamo, mbali na chakula na malazi. Ni kiasi kidogo, na kutangaza si kulipa. Walakini hapo sheria ilitamka bei ya kazi bila kutaja mwenye kuifanya.

Na huku nyumbani? Kijana wa leo anayeomba kazi Nairobi au Dar es Salaam hujazishwa fomu ambayo humtaka aseme kazi yake ya mwisho ilimlipa kiasi gani, na waajiri wengine humtaka alete na hati ya mshahara kama ushahidi. Huonekana ni swali la kawaida. Lakini matokeo yake kwa aliyeanza chini, awe aliwekwa chini kwa kabila lake, kwa jinsia yake, kwa ulemavu wake au kwa mtaa alikozaliwa, ni yale yale ya ule mstari wa ujira katika karatasi ya mwaka 1920: bwana wa kwanza huamua, na wote wanaofuata husoma. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2016 ya kuwakataza waajiri wasimwulize mwombaji kazi habari za mshahara wake wa nyuma kabla ya kumtajia wanachotoa, na majimbo mengine yakafuata. Sheria ya namna hiyo haihitaji fedha ya hazina wala tume ya wageni. Yahitaji kifungu kimoja katika sheria za kazi tulizo nazo, na wabunge wa nchi zetu waweza kukipitisha katika kikao kimoja.